Asiyelia Naye Ana Njaa

Nyumbani kwetu Mfaranyaki, hapa Songea, tulikuwa na paka wawili. Mmoja tulimwita Redio, mwingine tukamwita Bubu. Majina yanajieleza. Redio, dume la rangi ya machungwa, alianza matangazo kabla jogoo hajawika: nyau mlangoni, nyau jikoni, nyau miguuni kwa Mama, mpaka Mama aseme, "Haya chukua, utanitoboa masikio." Bubu, jike la kijivu lenye mistari, alikaa juu ya magunia ya mahindi akitazama. Akitaka kitu alikuja mbele yako, akakuangalia usoni, akafungua mdomo wote kama anayelia, na sauti isitoke. Wageni walicheka sana. Na sisi tulicheka.

Bubu alikufa mwezi wa sita, baridi ya Songea ilipokuwa imekaza. Siku tatu au nne hakuna aliyegundua kwamba hali. Sahani mbili za ugali na dagaa ziliwekwa jioni, asubuhi zote nyeupe. Kumbe Redio alikuwa anamaliza yake, kisha anahamia ya mwenzake. Mdogo wangu ndiye aliyemkuta nyuma ya magunia, shavu limevimba usaha, nadhani aling'atwa. Nilipompakata akaanza kukoroma, ule mkoromo wa kifuani ambao kila mtu anajua ni wa paka aliyeridhika. Nikasema, "Mnaona? Hana neno huyu." Kesho yake hali ilipokuwa mbaya nikaenda kumtafuta bwana mifugo. Tuliporudi naye tukamkuta ameshakakamaa.

Ndugu msomaji, usifunge jarida ukidhani nataka kukuliza kwa ajili ya paka. Nimeleta kesi. Je, sisi tulimkosea yule paka, au alijikosea mwenyewe kwa kunyamaza?

Nilipoisimulia kijiweni, mshikaji wangu mmoja hakuzunguka. "Kaka, usijikaange bure. Asiyelia hajaumia. Angekuwa na shida angesema. Mwenzake si alikuwa anasema?" Wengine wakaitikia. Na hoja yake si ya kijinga hata kidogo, maana ndiyo tunayoishi nayo wote. Mama mwenye watoto watano humbeba anayelia. Kwenye foleni anahudumiwa anayegonga dirisha. Kilio ni taarifa. Bila taarifa nitajuaje?

Basi tuanze hapohapo. Kilio ni kitu gani? Mimi nilikwenda kusoma habari za paka, na nilichokikuta kimenivuruga.

Kwanza, paka wakubwa hawaambiani nyau. Wao kwa wao huzungumza kwa harufu, kwa mkia, kwa masikio. Wakigombana hufoka na kunguruma, na usiku wa kutafutana ndio hizo kelele zinazotufanya turushe kandambili dirishani. Lakini ile nyau ya kawaida ni sauti ya kitoto cha paka kumwita mama yake. Akishakua, kwa wenzake hana kazi nayo tena. Paka wa nyumbani huibakiza kwa ajili ya kiumbe mmoja asiyejua kunusa wala kusoma mkia, ila masikio anayo: mtu. Nyau ni lugha ya utotoni ambayo paka anaendelea kuisema kwa sababu yetu.

Watu wameichunguza lugha hiyo kwa makini. Mwaka 1944 Mmarekani Mildred Moelk alichapisha uchunguzi wake wa sauti za paka wa nyumbani, akazigawa katika aina 16. Mwaka 2004 Nicholas Nicastro wa Chuo Kikuu cha Cornell alilinganisha nyau za paka wa nyumbani na za paka pori wa Afrika, ndugu yake wa kale. Watu waliosikilizishwa wakasema ya paka wa nyumbani inapendeza zaidi. Mwaka 2009 Karen McComb na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, wakaonyesha kwamba paka anayeomba chakula huweza kuchanganya ndani ya mkoromo wake sauti nyembamba inayokaribia kilio cha mtoto mchanga. Ebo! Kumbe Redio hakuwa mpiga kelele tu. Alikuwa fundi, na chombo alichokuwa anakipiga ni sisi.

Pili, ufundi huo hukua kwa kujibiwa. Paka akilia mlangoni na mlango ukafunguliwa, kesho atalia tena palepale. Hivyo kila paka na nyumba yake hutengeneza maneno yao, na ndiyo maana mtu humwelewa paka wake vizuri kuliko wa jirani. Sasa tazama. Redio tulimpata akiwa mdogo, akalelewa mikononi. Bubu tulipewa akiwa mkubwa, ametoka kwenye ghala la mahindi, mahali ambapo paka huwekwa kwa ajili ya panya na chakula chake ni panya haohao. Huko alie kwa nani? Nani angemfungulia?

Hapo ndipo hoja ya mshikaji wangu ilipoanza kulegea mbele ya macho yangu. Yeye anadhani kilio hupima ukubwa wa shida. Mimi naona kilio hupima zaidi kama mwenye shida amewahi kusikilizwa. Anayelia ni yule ambaye kulia kumewahi kumfaa. Asiyelia huenda hana shida. Au huenda shida anayo, ila kilio kwake ni hundi isiyo na benki.

Sitaki kutia chumvi. Si kila paka mkimya ametelekezwa. Paka wa Siamese wanasifika kwa domo, wale wa Persian kwa upole. Paka kiziwi mara nyingi hulia kwa sauti kubwa kupita wenzake, maana hajisikii mwenyewe. Ugonjwa wa koo huweza kumnyang'anya paka sauti. Wengine ndivyo walivyo tu, kama watu. Lakini taabu ni kwamba kwa nje kimya chote kinafanana. Kimya cha aliyeshiba na kimya cha aliyekata tamaa vimekaa juu ya gunia lilelile, vinakutazama kwa macho yaleyale.

Yupo mwandishi wa Kimarekani, Paul Gallico, aliyetoa mwaka 1964 kitabu kiitwacho The Silent Miaow, kilichoandikwa kana kwamba paka mwenyewe anawafundisha wenzake namna ya kuwatawala binadamu. Humo nyau isiyo na sauti ni silaha kali: fungua mdomo, usitoe kitu, na moyo wa mtu utayeyuka. Nilipoliona jambo hilo nilitabasamu, kisha tabasamu likanikauka. Silaha ile hufanya kazi kwenye nyumba ambayo tayari inakuangalia. Bubu wetu alifungua mdomo vilevile, na kilichotutoka ni kicheko.

Tena kuna ule mkoromo. Paka hukoroma akiwa na raha, kweli. Lakini hukoroma pia akizaa, akiumia, hata akiwa anakata roho. Niliposema "hana neno huyu" nilikuwa nimetafsiri lugha nisiyoijua, na kati ya maana zote zilizokuwepo nikachagua ile iliyoniruhusu nikalale. Hili ndilo linalonitia aibu kuliko kuchelewa kumwita bwana mifugo. Kutojua si kosa kila mara. Lakini mimi nilijaza kimya cha mwingine kwa maneno yanayonifaa mimi.

Hata jina lenyewe lilikuwa hukumu. Ukishamwita Bubu, umejisamehe kumsikiliza siku zote zijazo. Sikio la paka hunasa sauti nyembamba ambazo la mtu halizifikii kabisa. Kwa hiyo pale alipofungua mdomo mbele yetu, siwezi kuapa kwamba hakuwa analia.

"Sawa," atasema mshikaji, maana namjua, haachi mfupa. "Lakini unataka nifanye nini? Nizunguke nchi nzima nikimuuliza kila mkimya kama ana njaa? Kila mtu apiganie chake bwana."

Jibu langu ni hili: si nchi nzima. Wajibu unaanza pale ulipoishika sahani. Bubu hakuja kwetu kutembea. Tulimtaka sisi. Songea ni mji wa mahindi. Ruvuma imehesabiwa miaka mingi pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa kuwa ghala la taifa, na nyumba nyingi zina magunia yake stoo. Penye magunia pana panya, na penye panya anatafutwa paka. Mkataba huu ni wa zamani mno. Kisiwani Cyprus wachimbaji walikuta kaburi la miaka kama 9,500 ambamo mtu amezikwa na paka kando yake, zama za wakulima wa kwanza. Wahenga nao wakasema paka wa nyumba haingwi. Sisi tulimtoa ghalani, tukamfungia stoo, tukawa ndio wenye dagaa na wenye ufunguo. Mwenye ufunguo hawezi kujitetea kwamba aliyefungiwa hakubisha hodi.

Waislamu wanaifahamu hadithi ya Mtume iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie mwenyewe. Nimeisikia tangu utoto. Safari hii ndipo nilipotambua jambo: hadithi haisemi popote kama paka yule alilia. Haikuwa na haja. Kosa lilikwisha kamilika kwenye kufunga na kutolisha. Kelele zisingeongeza kitu, na kimya hakikupunguza.

Basi ukishika sahani, angalia. Kusikiliza si kazi ya masikio peke yake. Sahani iliyokuwa nyeupe asubuhi haikuniambia nani kala, na mimi sikuuliza. Tuna msemo: mficha maradhi kifo humuumbua. Ni msemo mzuri, ila lawama yote umemtupia mgonjwa. Mara nyingine hakuficha. Alikaa palepale kwenye gunia, hakuna aliyegeuza shingo.

Na tusidanganyane kwamba haya ni ya paka tu. Ni nyumba ngapi katika miji yetu zina dada wa kazi ambaye sifa yake kuu ni "mpole, hana makuu"? Mshahara umepitiliza miezi miwili, hajasema. Ana homa, anafua. Mgeni akija anaambiwa, "Huyu hana shida kabisa," kwa kumsifu. Mimi nikiisikia sifa hiyo siku hizi naona magunia ya mahindi.

Hata mji wetu una deni hilo. Kila tarehe 27 Februari tunakusanyika Makumbusho ya Maji Maji kuwakumbuka mashujaa 67 walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Ni haki yao, na iendelee. Lakini waliokufa kutokana na vita ile ya 1905 hadi 1907 wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, na wengi wao hawakuuawa kwa kamba wala risasi. Waliuawa na njaa, baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto makusudi. Hao hawakupata jukwaa la kusemea neno la mwisho. Walilala vibandani wakanyamaza, na kimya chao kimetufanya tuhesabu 67.

Sisi vijana tunaojidai waandishi tupo kwenye mtego huohuo. Mhusika mwenye domo anajiandika mwenyewe: anatukana, anadai, anachekesha, kurasa zinajaa. Yule anayekaa pembeni tunampa mstari mmoja, tena wa kusema kwamba alinyamaza. Halafu tunajisifu kwamba tumeandika maisha. Simaanishi tumlazimishe mkimya kusema. Huo nao ni ujeuri, na wapo ambao kimya ndiyo nyumba yao. Wala simlaumu Redio. Kulia si dhambi, na aliyejaliwa sauti aitumie. Ninachokataa ni kuiacha sauti iwe mizani. Njaa ipimwe kwa tumbo.

Mshikaji wangu hajakubali mpaka leo. Anasema nimefanya falsafa kubwa kwa kitu kidogo. Huenda. Lakini juzi nilimwona anamuuliza bibi yake, ambaye huwa hasemi kitu, kama amekunywa dawa.

Kwetu tumeletewa paka mwingine, mdogo, mweusi, bado anatuogopa. Hajalia hata mara moja. Mdogo wangu alitaka kumpa jina siku ileile, Mama akakataa, akasema tumwache kwanza. Sahani yake iko stoo, ya Redio iko jikoni, na usiku mlango wa katikati unafungwa. Asubuhi, kabla ya chai, mmoja wetu huenda kuangalia.