Amana, Siri na Sitara

Katika miji yetu ya mwambao, kuanzia Bagamoyo kupanda hadi Winde na Saadani, mchango hauishi mpaka daftari lisomwe. Iwe harusi, iwe matanga, mtu mmoja hukabidhiwa kalamu. Jina la mtoaji huandikwa pamoja na alichotoa, na shughuli ikimalizika watu hukaa jamvini wakasomewa kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Hakuna anayedhani kwamba kumtaka mshika daftari asome ni kumtuhumu wizi. Kusoma ni sehemu ya kuchanga, kama vile salamu ni sehemu ya kuingia nyumbani kwa mtu.

Nataka kuichukua desturi hiyo ndogo niiweke mbele ya jambo kubwa, nalo ni chuo kikuu cha umma. Chuo kilichojengwa na kuendeshwa kwa mali ya wote, je, kina haki ya kukaa kimya juu ya gharama yake ya kweli, juu ya idadi ya wanaoingia wasitoke na shahada, na juu ya hali ya wale wanaofundisha humo? Nasema kukaa kimya, wala sisemi kuficha. Mara nyingi hakuna anayeficha kitu. Daftari lipo, ila halisomwi.

Msomaji ana haki ya kujua nilipokaa ninapoyatazama haya. Sikupita chuo kikuu. Nilichonacho nimekiokota vitabuni na katika kazi ya kufasiri, ambayo ni shule isiyotoa cheti. Mtu wa namna yangu huambiwa kwamba mambo ya chuo yana wenyewe. Lakini sabuni niliyonunua ilikuwa na kodi ndani yake, na ng'onda aliyeuzwa gengeni alilipiwa ushuru. Majina yetu yamo katika daftari hilo, japokuwa jamvini hatukuitwa.

Katikati ya miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alitoa mfano ambao wasomi wa zama zile waliujua sana. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Akila chakula kile asirudi, amewasaliti waliobaki na njaa. Ni mfano mzito, nami sijui mwingine unaoufaa zaidi ukweli wa elimu ya juu katika nchi maskini. Hata hivyo, kwa miaka mingi tumeusoma upande mmoja tu, upande wa mtu anayekwenda. Yeye ndiye anayetakiwa kutoa hesabu. Hatujauliza habari za yule aliyesimama ghalani akipima chakula. Alipima vibaba vingapi? Aliwatuma wangapi, na wangapi walianguka njiani kabla ya kufika? Wanakijiji waliobaki wakishika matumbo hawana hata haki ya kujua idadi?

Mwalimu mwenyewe, ilipomlazimu kuwahukumu wanafunzi, hakuanzia kwao. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mamia yao walirudishwa makwao siku ile, na hukumu ile imejadiliwa hadi leo. Lakini katika hasira yake alitaja mshahara wake mwenyewe hadharani, akausawazisha na kipato cha mtu maskini, kisha akaupunguza kwa asilimia 20. Mtu anaweza kuilaumu adhabu na bado akaona kwamba hapo palikuwa na utaratibu unaostahili heshima: mwenye mamlaka alilisoma daftari lake kabla ya kuwataka wadogo walisome la kwao.

Hapa najua msomaji wa pwani, hasa wa visiwani, atanishika mkono aniulize juu ya sitara. Sisi ni watu wa kusitiriana. Aibu ya jirani hufunikwa, na nyumba haivuliwi paa kwa sababu ndani yake pamevunjika chungu. Kuitaka taasisi yenye heshima itaje wangapi walishindwa na wahadhiri wangapi imewakosa, si kuivua nguo sokoni?

Pingamizi hili nalichukua kwa uzito kuliko mengine yote, kwa kuwa limetoka ndani ya maadili yetu wenyewe. Jibu langu ni kwamba sitara ni haki ya mtu, kwa sababu mtu ana uso. Mtu huona haya, hulala njaa, huwa na mama anayesikia maneno ya watu. Taasisi haina uso. Kinachoitwa heshima ya taasisi ni imani tuliyoiweka kwake, na imani hiyo jina lake la zamani ni amana. Amana ina mwenyewe, na mwenyewe akija kuuliza haambiwi kwamba ni siri. Aliyewekewa mkufu wa dhahabu na jirani hawezi kumjibu kwamba kuuona mkufu huo kutamvunjia heshima yeye mwekaji.

Kinachonisikitisha ni kwamba tumeyapindua haya mawili. Baraza la Mitihani hutangaza matokeo ya kidato cha nne shule kwa shule, mtahiniwa kwa mtahiniwa, kwa namba yake na daraja lake. Mtoto wa miaka 17 aliyepata sifuri huko Mlingotini anajulikana na kitongoji kizima kabla ya magharibi. Ni kweli kwamba mwaka 2023 Baraza liliacha kutangaza orodha ya shule bora na watahiniwa bora, na mimi niliona ni uamuzi wa busara. Lakini matokeo yenyewe yamebaki wazi. Mtoto yule akipita, akaenda Mlimani, mwendo usiofika hata kilomita 70 kupitia Bunju, Tegeta na Mwenge, anaingia mahali ambapo desturi hiyo haipo. Siku ya mahafali idadi ya wahitimu husomwa kwa sauti kubwa na watu hupiga vigelegele. Idadi ya wale walioingia pamoja nao miaka mitatu au minne iliyopita haisomwi. Mtoto amenyimwa sitara, na taasisi imepewa.

Mfano mkali zaidi ni wa Dodoma. Mwezi Mei 2016 zaidi ya wanafunzi 7,000 waliokuwa wakisomea stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Dodoma walitakiwa kuondoka chuoni kwa muda wa saa 24. Wahadhiri walikuwa wameacha kufundisha masomo hayo kwa sababu ya madai yao ya malipo. Mpango ule ulikuwa umeanzishwa na serikali yenyewe ili kuziba upungufu wa walimu. Vijana wakaonekana stendi na mabegi yao, wengine wakiwa hawana nauli, na siku chache baadaye wakaitwa vilaza hadharani, neno lililoshika nchi nzima. Wengi wao walipelekwa baadaye katika vyuo vya ualimu. Tazama nani alikosa sitara hapo. Alama za wale vijana zilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Masharti ya kuwalipa waliowafundisha, ambayo ndiyo yaliyokuwa kiini cha mgogoro, wazazi hawakupata kuyasoma popote kabla ya kuwapeleka watoto wao huko.

Bagamoyo tunayo historia ya daftari lisilosomwa. Katika karne ya 19 Sultani wa Zanzibar alikuwa akikodisha ukusanyaji wa ushuru wa pwani yake. Nyumba ya Jairam Shivji iliushika kwa miaka mingi, na baadaye Taria Topan naye akaushika. Mkodishwaji alilipa kiasi walichopatana kwa mwaka, na kilichozidi kilikuwa chake. Pembe zilizoshuka na misafara zilitozwa ushuru, watu wakaziona kwa macho yao, lakini jumla yake ilikuwa ya mwenye daftari. Bwana mkubwa aliridhika maadamu fungu lake lilifika. Sisemi kwamba vyuo vyetu ni wakodishwaji wa forodha. Nasema kwamba kuna mapatano yanayofanana na yale: serikali hutoa fungu, chuo huleta wahitimu siku ya joho, na yaliyo katikati huachiwa wenyewe.

Nisije nikawadhulumu wanaofanya kazi zao. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hukagua hesabu za vyuo vya umma, na ripoti zake hufika Bungeni kila mwaka. Tume ya Vyuo Vikuu hutoa mwongozo unaoonyesha sifa za kuingilia, nafasi zilizopo na miaka ya masomo. Lakini mkaguzi hutuambia kama fedha ilitumika kwa kufuata taratibu, na mwongozo hutuambia mlango una upana gani. Mzazi anataka kujua mambo mengine. Katika kila mia wanaoingia katika somo hili, wangapi humaliza kwa wakati? Wasiomaliza hukwamishwa na mtihani, na ada, au na kukosa msimamizi wa kusoma utafiti wao? Anayefundisha ni mhadhiri aliyeajiriwa, au ni mtu wa muda anayekimbia kutoka chuo hadi chuo?

Maswali haya yalikuwa ya adabu tu zamani, chuo kilipokuwa bure na wanafunzi wachache. Leo ni maswali ya deni. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ilitengewa shilingi bilioni 464 mwaka wa masomo 2020/21 na bilioni 570 mwaka uliofuata. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, anayedaiwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Na deni halimfuati mhitimu peke yake. Kijana wa Saadani aliyekaa miaka mitatu akatoka bila shahada anarudi nyumbani na deni lile lile, bila mshahara wa kukatwa. Babake huenda ameuza minazi kumi ya urithi ili kijana apate nauli na godoro. Kama angesomewa mapema kwamba katika somo lile wanaokwama ni wengi, pengine angechagua jingine, pengine angechagua hilo hilo kwa macho mawazi. Kunyimwa hesabu hapo ni kunyimwa hiari.

Uganda walijaribu jambo katika shule za msingi. Uchunguzi uliofanywa huko ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilikuwa zikipokea wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku waliyotengewa wanafunzi wao. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika mlangoni kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Wataalamu wamebishana ni sehemu gani ya mafanikio hayo iliyotokana na tangazo lenyewe, na mabishano hayo ni ya haki. Mimi nakipenda kile kikaratasi cha mlangoni. Ni daftari la matanga.

Lipo pingamizi la pili: chuo kikianza kuhesabiwa kwa wahitimu wake, kitamhitimisha kila mtu. Hatari hiyo ni ya kweli. Somo linaloangusha wengi huenda ni somo lenye mwalimu mkali anayestahili kushukuriwa. Ndiyo maana idadi ya wahitimu haifai kusomwa peke yake. Isomwe pamoja na gharama, na aliyefundisha, na maoni ya watahini wa nje, ambao vyuo vyetu huwaalika kila mwaka na ambao maneno yao hubaki makabatini. Tarakimu moja hudanganya kwa urahisi. Nne zikikaa pamoja huanza kuulizana.

Neno tulilolichagua kwa jambo hili, uwazi, lina maana mbili ambazo mfasiri hawezi kuzipita bila kusimama. Ni hali ya kuwa wazi, na pia ni nafasi tupu, pengo. Watunzi wa tenzi wa pwani hii walilijua pengo hilo. Walipokaribia tamati walikuwa na mazoea ya kujitaja jina, kutaja mwaka, na kutaja idadi ya beti, ili anayenakili akiangusha ubeti au akiongeza wake, msomaji ahesabu na amgundue. Idadi ile haikuupunguzia utenzi hadhi. Ilikuwa ni ubeti kama beti nyingine, na wenye kughani waliughani.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia ruhusa ya kuiandikia taasisi ya umma na kujibiwa kwa muda wa siku 30. Barua haihitaji wakili. Jina la chuo, jina la somo, mwaka wa kuingia. Walioandikishwa wangapi, waliomaliza wangapi, waliowafundisha ni akina nani kwa daraja zao, na kila mmoja aligharimu kiasi gani. Mistari mitano, na anwani ya mwandikaji chini yake.