Moto na Pumzi Yake (2 Timotheo 1:6)



Mtume Paulo ataka Timotheo aiamshe karama aliyopewa na Mungu, kama mtu achocheavyo moto uliofifia. Neno hili latoka mekoni. Basi na tuketi kidogo penye mafiga, tuutazame moto.

Ulimi wa moto una rangi zaidi ya moja. Katika kibatari, chini karibu na utambi pana samawati. Juu pana manjano. Ile manjano ni chembe za masizi zisizokwisha kuungua, zilizopata moto hata zikang'aa. Ulimi huo ukigusa chungu, masizi hupoa kabla ya kuteketea, nayo hukipaka weusi. Lakini hewa ikiingia ya kutosha, masizi huungua yote. Mwanga hupungua, joto huzidi.

Wala rangi peke yake si shahidi wa kutosha. Chumvi ya Uvinza ikitupwa motoni, ulimi huwa manjano sana, wala joto haliongezeki. Bali wahunzi wa zamani wa Buha walipima kwa chuma chenyewe: chekundu hafifu ni nyuzi 600 hivi za sentigredi, cha manjano hupata 1,000 na zaidi, kinachokaribia weupe hupita 1,200. Nao hawakukifikisha huko kwa kurundika makaa tu, bali kwa mivukuto, yaani kwa pumzi.

Sasa na tujipime sisi wenyewe. Usharika ukipoa, twaongeza kuni: mikutano, kamati, michango. Kuni mbichi zikirundikwa, moshi hujaa nyumba, watu hutoka wakifuta macho, nasi twawalaumu. Mara nyingi kilichopungua si kuni. Ni nafasi ya pumzi, ndiyo sala, na Neno lisikiwalo kwa utulivu.

Tena iko hatari kuliko moshi. Usiku wa mvua, baridi ya Kibondo na Kasulu ikizidi, wako waingizao jiko la makaa chumbani na kufunga mlango na dirisha. Makaa ni mekundu, moshi hakuna, watu walala kwa amani. Kumbe makaa yaliyokosa hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, na walalao huenda wasiamke. Ndugu, msifanye hivyo kamwe; jiko na likae nje.

Vivyo hivyo na tuuogope moyo uliofungwa. Hauna moshi wa ugomvi, kwa nje wapendeza, lakini kinyongo kisichoungamwa huua kimya kimya, hata nyumbani mwa mchungaji na mwalimu. Aliye na neno na jirani yake, na aende leo, kabla ya jua kuchwa.

Na wewe uliye kama utambi ufukao moshi, usikate tamaa. Isaya 42 yatufundisha kwamba Bwana hauzimi utambi wa namna hiyo. Mfungulie mlango tu. Pumzi ni yake.