Kuasili Kabla ya Jibu: Imani ya Wazazi na Ugonjwa Usio na Jina

Mafundisho ya Kikristo kuhusu kuasili mtoto, yaani kumfanya mtoto aliyezaliwa na wengine kuwa wako kwa amri ya mahakama, husema mengi juu ya upendo na machache mno juu ya wakati. Wazazi wanaompokea mtoto asiye na kwao husifiwa madhabahuni, lakini halisemwi lolote kuhusu kipindi kirefu kinachopita kabla daktari hajaweza kueleza mtoto huyo ana nini, ikiwa ana chochote. Ni katika kipindi hicho ambapo swali zito la kiimani hujitokeza: je, mtu anaweza kuahidi kuwa mzazi wa mtoto fulani hali mwili wa mtoto huyo bado haujasema utadai nini? Katika Nakuru na Bonde la Ufa la kati, ambako makanisa yamesongamana na ambako nyumba za kulea watoto wachanga waliotelekezwa si jambo geni, swali hili limepata sura yake kutokana na sheria ya Kenya, historia ya ukimwi, na fikra za koo kuhusu damu.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inataka mtoto awe amekaa mikononi mwa wanaotaka kumwasili kwa miezi mitatu mfululizo kabla ombi halijafika mahakamani. Kwa mtoto aliyeokotwa, polisi huandika barua ya kwanza kuthibitisha kwamba aliripotiwa, kisha baada ya miezi sita, ikiwa hakuna jamaa aliyejitokeza, huandika barua ya mwisho, na hapo ndipo mtoto anapoweza kutangazwa kuwa huru kuasiliwa. Kwa hesabu hiyo, mtoto aliyeokotwa siku chache baada ya kuzaliwa huweza kufika mbele ya mahakama akiwa hajatimiza mwaka, au akiwa ameupita kidogo, na katika faili lake mna ripoti ya daktari. Ripoti hiyo husema inachoweza, nacho si kingi. Mtindio wa ubongo, yaani hitilafu ya misuli na mwendo inayotokana na ubongo kuumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, kwa kawaida huthibitishwa mtoto akiwa kati ya miezi 12 na 24, kwa kuwa mtoto anayechelewa kuketi huenda ni mgonjwa na huenda ni mzito wa kuanza tu. Usonji, hali inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na wengine, ni nadra kutambuliwa kwa uhakika kabla ya miezi 18. Isitoshe, daktari hutegemea sana historia: mimba ilikwendaje, je, mtoto alilia alipozaliwa, nani katika ukoo alikuwa na kifafa. Kwa mtoto aliyeokotwa majibu ya maswali hayo hayapo wala hayatapatikana. Mahakama ina muda wake na mwili una wake, na hakuna bunge linaloweza kuzilinganisha nyakati hizo mbili bila kumwacha mtoto kituoni miaka mingine miwili, jambo ambalo lenyewe humdhuru.

Kenya iliwahi kuliona tatizo hili kwa uwazi wa kutisha wakati wa ukimwi. Mwaka 1992 Angelo D'Agostino, padre Mjesuiti ambaye pia alikuwa daktari, alianzisha jijini Nairobi nyumba iitwayo Nyumbani kwa ajili ya watoto waliotelekezwa ambao vipimo vilionyesha kuwa wana virusi vya ukimwi. Miaka miwili baadaye lilianzishwa shirika la New Life Home Trust, ambalo hatimaye lilifungua nyumba Nakuru pia. Walezi wa nyumba hizo walijifunza jambo ambalo vitabu vya tiba vilikuwa vimeanza kulieleza. Kipimo cha kawaida hakitafuti virusi vyenyewe; hutafuta kingamwili, yaani protini za kinga ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya virusi, na kingamwili za mama huvuka kondo la nyuma na kukaa katika damu ya mtoto hata miezi 18. Kwa hiyo kipimo cha mtoto mchanga kilikuwa kikisema habari za mama. Bila tiba yoyote, mama mwenye virusi humwambukiza mtoto katika asilimia 15 hadi 45 ya uzazi, maana yake zaidi ya nusu ya watoto waliobandikwa jina la ugonjwa ule hawakuwa nao kamwe. Kabla ya kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, ambacho siku hizi hufanywa kwa matone ya damu ya kisiginoni mtoto akiwa na wiki sita, hapakuwa na njia ila kulea na kungoja.

Katika kungoja huko imani ilijaribiwa kwa namna mbili, na ya pili ndiyo isiyozungumzwa. Ya kwanza ni hofu, ambayo kila mtu anaielewa. Ya pili ni ushuhuda. Mtoto aliyeombewa akiwa na miezi minne, na ambaye akifika miezi 18 kipimo chake hakionyeshi tena kitu, alisimamishwa mbele ya kusanyiko kama aliyeponywa, na katika jiji la Nakuru, ambako mikutano ya uponyaji hujaza uwanja wa Menengai, ushuhuda wa namna hiyo haukosi masikio. Hapa haifai kuwakejeli waombaji, kwa maana mtu anayemshukuru Mungu kwa ajili ya uhai wa mtoto hajakosea. Kosa liko kwingine, nalo ni kubwa. Ushuhuda huo ulifanya kutojua kuonekane kama ugonjwa uliokuwapo kisha ukaondoka, na hivyo ukamhukumu mtoto wa kitanda cha pili, aliyeombewa na watu walewale kwa machozi yaleyale, ambaye virusi vilikuwamo mwilini mwake kweli. Wazazi waliomwasili huyu waliachwa wajiulize walipungukiwa na nini.

Wasiwasi mwingine unatoka mbali zaidi ya kanisa. Miongoni mwa Wakalenjin, mtoto mchanga kwa desturi hutajiwa majina ya wahenga moja baada ya jingine mpaka apige chafya, na jina lililomfikisha kwenye chafya ndilo la mhenga aliyerejea ndani yake. Miongoni mwa Wakikuyu, watoto hupewa majina ya babu na nyanya kwa mpangilio unaoeleweka, hata ukoo ukajirudia kizazi baada ya kizazi. Katika mifumo ya aina hii mtoto hafiki akiwa mtu mpya kabisa, na aliyeokotwa hufika akiwa na wahenga ambao hakuna awezaye kuwataja. Si kwamba jamii hizi hazikujua kumpokea mgeni: Wakikuyu walikuwa na tambiko la kumzaa mtu upya kwa mbuzi, ambalo lilimwingiza katika ukoo kwa haki zote. Lakini mahubiri ya siku hizi kuhusu laana za ukoo, ambayo hufundisha kwamba dhambi na maagano ya mababu hushuka kwa wajukuu kama magonjwa mpaka yavunjwe kwa maombi, yamechukua hofu ya zamani bila kuchukua tambiko lililoituliza. Mtoto akichelewa kutembea, jirani huuliza damu hiyo ni ya nani, na mchungaji huthibitisha swali hilo badala ya kulikataa. Nabii Ezekieli katika sura ya 18 alikanusha waziwazi kwamba mtoto hubeba uovu wa babaye, na Yesu katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana alipoulizwa ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, aliondoa lawama kwa kipofu na kwa wazazi wake pia. Ni vigumu kuona jinsi mafundisho ya laana yanavyopita kando ya sura hizo mbili. Inafaa kukumbuka vilevile kwamba watoto wengi wa Nakuru, wa koo zote, wana madoa ya kahawia kwenye meno kwa sababu maji ya bonde hili yana floridi nyingi inayotoka katika miamba ya volkano, kiasi kwamba Jimbo Katoliki la Nakuru limeshughulika kwa miaka mingi kuyasafisha kwa mkaa wa mifupa. Mahali huuandika mwili bila kuuliza ukoo.

Jibu ambalo wahubiri hulitoa kwa kawaida ni kwamba mzazi anayeasili humwiga Mungu, aliyewafanya wanadamu kuwa wanawe. Jibu hili linapendeza, ila halikuchunguzwa vya kutosha. Mtume Paulo aliyekuza lugha hiyo aliishi chini ya dola ya Kirumi, ambamo kuasili kulikuwa hasa njia ya kupata mrithi, na aliyeasiliwa mara nyingi alikuwa mwanamume mzima ambaye uwezo wake ulijulikana. Kaisari Augustus alipomwasili Tiberius mwaka 4 B.K., alimchukua mtu aliyekwisha kuongoza majeshi. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliiona tofauti iliyomo humo na kuieleza katika sehemu ya tatu ya Summa Theologiae: mwanadamu anapoasili humchagua anayefaa tayari kuurithi urithi, lakini Mungu humfanya afae yule anayemwasili, kwa kumpa neema. Hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho wake, wazazi walioketi kwenye benchi la kliniki wakisubiri matokeo hawako mahali pa Mungu hata kidogo. Hawana uwezo wa kuifanya mishipa ya fahamu ya mtoto ifae. Kuwaambia kwamba wanatenda kama Mungu ni kuwatwika mzigo ambao maandiko hayakuwatwika, na mtoto asipopata nafuu mzigo huo hugeuka kuwa hatia.

Waraka kwa Warumi wenyewe unawaweka mahali pengine. Katika sura ya 8 Paulo anasema waumini wamekwisha kupokea roho ya kufanywa wana, na mistari michache mbele anasema bado wanaugua wakingojea kufanywa wana, akilifungamanisha jambo hilo na ukombozi wa mwili. Wafafanuzi wameisumbukia migongano hiyo, lakini mzazi wa mtoto asiye na jibu la daktari huielewa bila taabu: uhusiano umekamilika, na mwili haujafika. Kwa mtazamo huu wazazi na mtoto wako upande mmoja wa kungoja, wote wakiwa walioasiliwa, na tofauti yao ni kwamba mmoja ana faili hospitalini.

Limebaki swali la ahadi. Gabriel Marcel, mwanafalsafa Mkatoliki wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1973, alijiuliza katika kitabu chake cha Kuwa na Kuwa na Kitu kama ni unyofu kumwahidi mgonjwa kwamba utarudi kumtembelea, ilhali huruma unayoihisi leo huenda kesho ikawa imeyeyuka. Kuahidi hisia ni uongo, na kuahidi tendo peke yake bila moyo ni unafiki wa aina nyingine. Alichokipata ni kwamba uaminifu si ubashiri wa hali ya moyo wala ya mambo. Ni kumkubali mtu kabla ya kujua hali hizo. Hili halina maana kwamba kutojua ni jambo jema, wala kwamba mzazi anayetaka vipimo ana imani haba. Miezi mitatu ya sheria haikuwekwa ili mnunuzi ajaribu bidhaa, kwa kuwa Katiba ya 2010 katika ibara ya 53 inayaweka mbele maslahi ya mtoto, lakini inampa mzazi nafasi ya kujichunguza, na mzazi anayekiri mapema kwamba hawezi amemtendea mtoto haki zaidi kuliko anayetia sahihi kwa sababu kanisa zima linamtazama. Amri ikishatolewa, mtoto huhesabiwa kama aliyezaliwa ndani ya ndoa yao, na hakuna mzazi wa kuzaa anayemrudisha mtoto kwa sababu ya matokeo ya maabara.

Wajibu, tofauti na utambuzi wa ugonjwa, haungoji. Familia nyingi za bonde hili hupanda kuelekea hospitali ya AIC Kijabe, kwenye ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa, kwa ajili ya watoto wenye kichwa maji, yaani maji yanayojaa ndani ya ubongo na kuukandamiza, au mgongo wazi, ambapo uti wa mgongo haukufunga mtoto akiwa tumboni. Daktari wa upasuaji huweza kuweka mrija wa kuyatoa maji siku hiyohiyo bila kujua mtoto atasoma au hatasoma, atazungumza au la. Mrija huwekwa hata hivyo. Mazoezi ya viungo huanza kabla mtindio wa ubongo haujathibitishwa, kwa sababu yakisubiri uthibitisho yatakuwa yamechelewa. Madaktari, bila kukusudia teolojia yoyote, wanafanya kazi kwa namna ambayo wahubiri wangefaa kuisoma.

Makanisa ya Nakuru yanajua kuchangishana. Harambee ya kulipa hospitali au kusafirisha maiti huitishwa Jumapili na kukamilika kabla ya Jumapili ifuatayo, na jumuiya ndogondogo na vyama vya akina mama vya Mothers' Union na Woman's Guild vina utaratibu wa kuwatembelea wagonjwa ambao serikali haina. Lakini harambee hudai jina la ugonjwa na jumla ya deni, na ziara hudai mgonjwa aliyelala. Familia inayokwenda kliniki kila mwezi na kurudi na tarehe nyingine haina cha kutangaza, na akina mama wa ushirika, ambao wangepika na kufua kwa hiari kama wangeambiwa ni kansa, huuliza tu kama majibu yametoka.