Kuhiji na Hamu ya Macho

Misa ya Dominika ikiisha, katika nyua za makanisa yetu huku Lushoto si ajabu kusikia watu wakifanya hesabu za safari ya Namugongo. Basi litakodiwa kwa siku ngapi, nani hana pasipoti, nani bado hajachanjwa homa ya manjano, na je, njia ya Namanga na Nairobi hata Busia ni nafuu kuliko ile ya Mwanza? Katika baraza moja la namna hiyo kijana alisema bila kuficha kwamba ataka kwenda kwa kuwa ameona picha ya kanisa lile, naye atamani kuliona kwa macho yake. Mzee mmoja akamkemea: “Mjukuu wangu, hayo ni matembezi, si hija.” Wengine wakacheka, na kijana akanyamaza.

Wasomaji wapendwa, ni nani kati yao aliyesema kweli?

Twakubali kwamba mzee alikuwa na jambo. Namugongo ni mahali pa kifo. Tarehe 3 Juni mwaka 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, Karoli Lwanga alichomwa hapo kwa moto wa polepole, peke yake, mbali kidogo na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walioteketezwa pamoja siku ile ile. Wengi wao walikuwa vijana watumishi wa ikulu, na Kizito alikuwa na umri wa miaka kama 14 tu. Mtu afikaye hapo na kuwaza kwanza jinsi sura yake itakavyopendeza katika simu amewakosea heshima marehemu hao, hata kama amevaa rozari shingoni.

Lakini na tumsikilize kijana pia. Kanisa lile lililotabarukiwa mwaka 1975 lilichorwa na Justus Dahinden wa Uswisi kwa mfano wa nyumba ya asili ya Waganda, nalo lina nguzo 22, ndiyo hesabu ya Mashahidi Wakatoliki ambao Baba Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza kuwa Watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Ya nini kutaabika kuchora na kujenga namna hiyo, kama macho hayana kazi katika sala? Kanisa liliijibu hoja hii zamani sana, katika Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka 787, lilipofundisha kwamba heshima itolewayo kwa sanamu humfikia yule ambaye ni sanamu yake. Mungu aliyetuumba na macho hakutuagiza tuyafumbe mlangoni pa nyumba yake. Basi hamu ya kijana haikuwa dhambi. Ilikuwa mwanzo wa jambo, na kwa maoni yetu mzee aliikata mapema mno.

Hatari yake ni kubaki pale pale ilipoanzia. Macho yasiyofundishwa yataona nguzo wala hayatamwona mtu hata mmoja nyuma yake. Hapo ndipo tunapoona upungufu wa mipango yetu, maana twapanga nauli, chakula na malazi kwa uangalifu mkubwa, lakini majina ya wale 22 hatuyajui, na habari zao twangoja kusimuliwa ndani ya basi, tukiwa tumechoka na nusu yetu tumelala.

Tungependa kila kikundi, kabla ya safari ile ndefu, kishike kwanza njia ya Gare kwa miguu. Huko wamonaki Watrapisti waliotoka Mariannhill, Afrika Kusini, walifungua misioni mwaka 1897, nao walikuwa watu wa shirika lililozoea kimya. Wengi wetu tumeingia katika kanisa la Gare kwa harusi na mazishi, wala hatukupata kuuliza lilijengwaje, au kukaa ndani yake nusu saa bila kusema. Asiyeweza kulitazama kanisa lililo karibu na shamba lake, sijui ataonaje Namugongo, hata akirudi na picha 100.

Kuhusu fedha hatuna maneno mengi. Kanisa halimlazimishi mtu kuhiji Namugongo. Mwenye deni la karo ya mtoto na alipe karo.

Wako na wale wasioweza kwenda kabisa, wagonjwa, wazee, na mama ambaye hana wa kumwachia mgonjwa wake. Milimani kwetu aendaye gulioni Soni hupita kwanza kwa jirani kuuliza kama kuna cha kumtuma, na arudipo hukabidhi mzigo wa watu pamoja na habari za huko. Sioni kwa nini hija iwe na adabu pungufu kuliko gulio.

Yule mzee, tumesikia, hatakwenda, kwa kuwa miguu haimruhusu. Kijana amekwisha kuandikwa. Laiti angepita kwake jioni moja kabla ya safari, amwamkie, akae, aandike majina ya marehemu ambao mzee angependa waombewe kule altareni. Na akisharudi, apite tena, amweleze nguzo zile moja moja, kwa majina, kwa muda wote ambao mzee atataka kusikiliza.