Shaka Isiyogusa Dola

Je, mtu aliyezoea kutii amri anaweza kuwa jaji wa haki? Swali hili huzuka kila mwanajeshi anapovua gwanda na kuvaa joho, na wengi hulijibu kwa kupima utii wake. Nadhani kipimo hicho kinakosea shabaha. Oliver Wendell Holmes wa Marekani alijiunga kwa hiari na jeshi la Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo akiwa na miaka 20, akajeruhiwa mara tatu kati ya 1861 na 1863: kifuani huko Ball's Bluff, shingoni huko Antietam, kisha mguuni. Baadaye alisoma sheria Harvard, akachapisha The Common Law mwaka 1881, akawa jaji wa Massachusetts na hatimaye wa Mahakama ya Juu, kuanzia 1902 hadi 1932. Vita havikumfanya mtiifu. Vilimfanya amshuku kila anayedai kuumiliki ukweli, kwani alikuwa ameona watu wa pande mbili wakiuana kwa uhakika uleule.

Shaka hiyo ilizaa mema. Mwaka 1905 mahakama ilipofuta sheria ya New York iliyowekea kikomo saa za kazi za waokaji mikate, Holmes alipinga: jaji hana ruhusa ya kuifanya nadharia yake ya uchumi kuwa katiba. Mwaka 1919, katika kesi ya Abrams, alitaka wahamiaji waliosambaza vikaratasi vya kuipinga serikali waachwe waseme, hoja zishindane zenyewe.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo shaka yake haikuligusa, nalo ni haki ya dola kudai kafara. Mwaka 1927 aliandika hukumu ya Buck dhidi ya Bell, iliyoruhusu Virginia kumfunga uzazi kwa nguvu Carrie Buck, msichana aliyedaiwa kuwa na upungufu wa akili. Sababu aliyoitoa ni ya askari: ikiwa taifa huwadai raia wake bora uhai wao, haliwezi kushindwa kuwadai wanyonge kitu kidogo kuliko hicho.

Wapo watakaosema vita visisingiziwe, kwa kuwa majaji wanane kati ya tisa walikubaliana na hukumu hiyo, na elimu ya uzazi bora, iliyotaka wanaodhaniwa kuwa na kasoro wasizae, ilikuwa ikipendwa na wasomi wa wakati huo. Ni kweli, na kura zingetosha hata bila Holmes. Ninachohoji ni hoja yake, siyo matokeo. Pingamizi la pili ni zito zaidi: jeshi nalo huchukua watu kwa lazima, basi tofauti iko wapi? Iko katika nani anabeba mzigo. Uandikishaji, pamoja na upendeleo wake wote, huwaambia vijana wa taifa zima kwamba zamu yao yaweza kufika. Sheria ya Virginia iliwachagua waliokuwa tayari ndani ya taasisi, wasio na sauti. Hata wakili wa Carrie aliwahi kuwa katika bodi ya taasisi iliyomshikilia. Holmes alijitolea mwenyewe, kisha akaichukulia hiari yake kana kwamba ni deni la kila mtu. Nayo shaka aliyowapa wanauchumi, hakuwapa madaktari wa serikali.

Hukumu ilidai kwamba vizazi vitatu vya ukoo wa Carrie vilikuwa na upungufu. Kizazi cha tatu kilikuwa Vivian, binti wa Carrie, aliyekuja kuingia kwenye orodha ya wanafunzi bora shuleni kwake kabla ya kufariki kwa ugonjwa mwaka 1932, akiwa na miaka 8.