Je, Kuichunguza Tarikh ya Dini ni Kuivunja?

Tumeulizwa na baadhi ya wazee wa mwambao wenye watoto wao Nairobi, katika mitaa ya Buruburu, Umoja na Kayole, juu ya vijana wapitao wawili wawili, wamevaa mashati meupe na vibao vyeusi vifuani, wakitaka kuzungumza na watu juu ya dini yao. Watu hawa ni nani, na mtoto wa Kiislamu awajibu nini? Jawabu la swali hili ni fupi. Lakini nyuma yake liko swali jingine lililo zito zaidi, nalo latuhusu sisi wenyewe.

Hao ni wafuasi wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wajulikanao kwa jina la Wamormoni. Kanisa hilo lilianzishwa Marekani mwaka 1830 na Joseph Smith, aliyedai unabii na kuleta kitabu, akauawa mwaka 1844. Kitabu hicho kilitolewa kwa Kiswahili mwaka 2000. Serikali ya Kenya ililitambua kanisa lao mwaka 1991, na mwezi wa Mei 2025 walizindua hekalu lao Nairobi. Sisi twaitakidi kuwa unabii umekhitimishwa kwa Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na hapo hatuna la kusikilizana nao. Hata hivyo, insafu yatulazimu kusema na mema yao. Hawanywi pombe wala hawavuti tumbaku. Hufunga siku moja kila mwezi na kutoa kwa maskini thamani ya chakula walichokiacha. Na vijana wao wanaume hutumika miaka miwili bila ya mshahara. Chai na kahawa pia wamejiharimishia. Mtu wa pwani aliyezoea kahawa yake barazani huenda akacheka kwa hilo, lakini ile miaka miwili ya kijana si jambo la kuchekwa.

Natukitazame basi kile kibao. Juu ya kifua cha kijana wa miaka kumi na tisa kimeandikwa neno la Kiingereza lenye maana ya “mzee”, nacho ni cheo cha ukuhani wao. Kijana huyo siku hizi aghalabu ni Mwafrika. Lau angalizaliwa zamani kidogo, cheo hicho angalinyimwa kwa rangi yake tu; kwani tangu mwaka 1852, alipotangaza hivyo kiongozi wao Brigham Young, mpaka Juni 1978, mtu mweusi hakuruhusiwa ukuhani kwao. Wakubwa wao wakatafuta sababu: mara laana ya Kaini, mara laana ya Hamu mwana wa Nuhu. Watoto wakafundishwa sababu hizo hata zikadhaniwa kuwa ndiyo dini yenyewe.

Ni nani aliyeufungua mlango? Wao husema ni wahyi aliopewa rais wao wa 1978. Lakini kabla ya hapo walikuwako wanavyuoni wao waliofukua daftari za zamani. Tabibu mmoja miongoni mwao, Lester Bush, alichapisha utafiti mwaka 1973, akaonyesha kuwa hapana hati yoyote iliyothibitisha kuwa katazo hilo lilitoka kwa Joseph Smith. Tena alikuwako mtu mweusi, Elijah Abel, aliyepewa ukuhani mwaka 1836. Si kila mchunguzi aliyeshukuriwa. Mwaka 1993 wengine walitolewa kanisani. Lakini mwaka 2013 kanisa lenyewe liliandika kuwa limezikana zile hoja za laana.

Atasema msemaji: “Haya ni yao, sisi yatuhusu nini? Na kufichua aibu ya wazee ni kumpa adui silaha.” Twamjibu kuwa wanavyuoni wa Hadithi hawakuona hivyo. Ali bin al-Madini alipoulizwa juu ya riwaya za baba yake, alisema kuwa baba yake ni dhaifu, kwa kuwa jambo lenyewe ni la dini. Hakumvunjia mzazi heshima, aliilinda amana. Na ile hadithi ya laana ya Hamu haikukaa Marekani peke yake. Ilienea hata kwa Waislamu, wakaitumia wengine kuhalalisha dharau kwa watu weusi, mpaka Ibn Khaldun akaikanusha katika Muqaddima yake, akasema kuwa weusi ni athari ya joto la nchi, si laana.

Katika pwani yetu soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ukapigwa marufuku katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Sheria ilikwisha, je, na dharau ilikwisha? Inapokuja posa, bado huulizwa “asili yake” kwa sauti ya chini, na aulizaye hudhani kuwa anaihifadhi dini. Kule Pumwani, katika Majengo, watu wa kila kabila walioingia Uislamu walisimama safu moja kwa miaka mingi. Mtoto wetu aliyekulia mitaa hiyo akileta mchumba kutoka safu ile ile, tutamwambia nini?

Kijana wa Kimormoni akiulizwa juu ya mwaka 1978, anayo maandishi ya wakubwa wake ya kujibia. Mtoto wetu akiulizwa juu ya watumwa wa pwani, ana nini mkononi? Tukimpa kimya, atadhani kuwa Uislamu ndio uliokosa, ilhali waliokosa ni watu. Hili ndilo jawabu letu kwa wazee waliotuuliza: mfundisheni mtoto itikadi yake na adabu ya kuzungumza na watu wa dini nyingine, kisha mfundisheni tarikh ya mji wake kama ilivyokuwa, tamu na chungu. Haki haivunjiki kwa kuchunguzwa. Kivunjikacho ni kile tulichokibandika juu yake.

Wabillahi tawfiq.