Konzi ya Bisi



Mwanzoni mwa 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi wa Kenya, tulivuka mpaka pale Busia na Malaba mikono mitupu. Kambini Mulanda, Tororo, ndani ya hema moja, mume na mke tulianza kulaumiana kwa ajili ya nyumba ambayo hakuna kati yetu aliyeichoma. Wengine tungali tunalaumiana.

Tusome Ruthu sura ya 2. Ruthu alikuwa mgeni na mjane, akiokota masazo shambani. Boazi hakuanza na mahari. Wakati wa chakula alimpa bisi, kisha akawaagiza vijana wake wamwachie masuke makusudi. Ruthu akala, akashiba, na kilichobaki akampelekea Naomi. Ndoa ile ilianzia kwenye konzi ya bisi.

Baba, ni lini ulimchotea mama watoto maji bila kuombwa? Mama, ni lini ulimwita mzee kwa lile jina la siku za uchumba? Mkono mtupu bado unaweza kubeba mtungi. Leo, kabla ya kuzima koroboi, tushukuriane kwa jambo moja tu.

Mungu awabariki. Amina.